Kompyuta ndogo ya mezani: udogo wenyewe unaulipia shilingi ngapi?

Mkuu mleta uzi, uliuliza kwa mistari mitatu, ukajibiwa na watu wanaobishana Dell na HP nani mkali. Nirudie ulichouliza ili tusipotee. Unafungua steshenari Morogoro, jirani na Msamvu. Una laki tisa ya kompyuta ya kwanza na vikorokoro vyake, printa umeshapata. Umeonyeshwa tawa (lile boksi kubwa la kusimama) yenye prosesa ya Intel i5 kizazi cha 3 kwa 220,000, na kile kidude cha ukubwa wa kitabu tunachokiita mini, i5 kizazi cha 8, kwa 450,000. Unataka kujua kama kidude kinastahili bei hiyo, maana ni mara mbili na ushee ya mwenzake.

Mimi nina steshenari Gongo la Mboto tangu 2017. Nilianza na tawa mbili, leo nina mini nne na tawa moja iliyobaki kwa sababu nitakayoieleza huko chini. Katika safari hiyo nimenunua vizuri, nimenunua vibaya, nimeibiwa moja, na nyingine nusura niipike kwa mikono yangu mwenyewe.

Nianze na hesabu yako, maana ndipo penye tatizo. Unalinganisha vitu viwili visivyolingana umri. Prosesa za Intel za kizazi cha 3 zilitoka 2012. Za kizazi cha 8 kwa kompyuta za mezani zilianza kutoka mwishoni mwa 2017. Hapo katikati kuna zaidi ya miaka mitano, kwa hiyo sehemu kubwa ya ile 230,000 ya tofauti unalipia umri wa mashine. Wala haihusiani na udogo. Ili ujue udogo unauzwaje, tafuta mashine ya tatu ambayo winga (dalali wa dukani) hakukuonyesha: ile ya saizi ya kati inayolala mezani na monita inakaa juu yake, i5-8500, RAM ya GB 8, SSD (diski ya kuhifadhia) ya GB 256. Mara ya mwisho kuulizia Kariakoo niliambiwa 380,000. Siku hiyohiyo, duka hilohilo, mini yenye i5-8500T, RAM 8, SSD 256 ilikuwa 450,000 kama hiyo yako.

Kwa hiyo udogo bei yake ni elfu sabini. Hilo ndilo swali lako la kweli, na linajibika: je, wewe udogo utakuingizia au kukuokolea elfu sabini?

Kabla sijajibu, ujue na unachopoteza. Hiyo herufi T mwishoni mwa jina la prosesa si pambo. i5-8500 ya kawaida imepangiwa joto la wati 65 na inaanzia kasi ya GHz 3.0. Yenye T imepangiwa wati 35 na inaanzia 2.1. Zote zina koa sita, yaani viini sita vya kufanyia kazi. Ukiwa kwenye Word, Excel, kuskani, kufungua PDF na kujaza fomu mtandaoni, hutaona tofauti hata ukikaa wiki nzima unaitafuta. Ukianza kutengeneza video utaiona siku ya kwanza. Nitarudi kwenye video.

Sasa tuongee umeme, maana kila anayeuza hizi mini anaanza na umeme. "Boss hii haili luku." Ni kweli haili sana. Nina kile kipima wati cha kuchomeka kwenye soketi, nimepima mashine zangu zote, bila monita. Tawa yangu ya zamani ilikuwa inakula wati 50 na kitu kwenye kazi za kawaida. Mini inacheza kwenye 12 mpaka 15. Tuseme tofauti ni wati 40. Kwa saa 12 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, zinatoka kama uniti 12 na nusu. Kwa tarifa ya T1 ya TANESCO, ya watumiaji wa kawaida, ukijumlisha kodi na tozo, uniti moja ni karibu shilingi 356, kwa hiyo unaokoa kama 4,400 kwa mwezi. Gawa 230,000 kwa hiyo 4,400. Ni miezi 52. Zaidi ya miaka minne ndipo umeme urudishe tofauti ya bei!

Na ukilinganisha kizazi kwa kizazi, mambo ndiyo hayohayo. Ile ya kulala ya kizazi cha 8 nayo ni mashine ya kisasa, ikipumzika haili kitu. Ya jirani yangu niliipima ikasoma wati 25 hivi. Tofauti na mini ni wati 12, ambazo ni kama 1,300 kwa mwezi. Elfu sabini gawa kwa 1,300, miezi 50 na ushee tena. Anayekuuzia mini kwa hoja ya umeme peke yake anakupiga, na pengine mwenyewe hajui kama anakupiga.

Kilichonirudishia pesa mimi ni meza.

Fremu yangu ni mita tatu kwa tatu. Mashine ya fotokopi imekula kona moja, rafu ya madaftari na kalamu imekula ukuta mmoja, kaunta iko mlangoni. Ikabaki meza moja ya futi sita. Kwenye meza hiyo nilikuwa na tawa mbili. Kuna mtu atasema si uziweke chini? Waliowahi kufanya biashara huku kwetu wakati wa masika wanajua kwa nini hakuna kitu cha umeme kinachokaa sakafuni. Ziko juu ya meza, kila moja imechukua nafasi ya kutosha mtu kuweka viwiko, nyuma yake waya kama utumbo. Wateja wawili wakikaa, meza imejaa.

Nilipobadilisha, mini zikafungwa nyuma ya monita. Vile vitundu vinne nyuma ya monita nyingi vina kipimo cha kawaida kinachoitwa VESA, unanunua kibati chake au unamchongesha fundi wa kuchomelea, unafunga skrubu, kompyuta imepotea machoni. Kipande chenyewe ni sentimita 18 kwa 18 hivi, unene 3.5. Meza ileile ya futi sita ikakaa watu watatu bila kugusana mabega.

Kiti cha tatu hicho ndicho jibu la swali lako. Msimu wa maombi ya mkopo wa wanafunzi wa HESLB, au Ajira Portal (tovuti ya ajira za serikali) ikitangaza nafasi, mimi foleni inatoka nje. Kiti cha tatu kilikuwa kinaniingizia elfu nne mpaka tano kwa siku siku hizo, na siku za kawaida kama elfu mbili. Ni kweli kiti hicho kilihitaji kompyuta yake, sikuokota pesa barabarani. Lakini na tawa kisingekuwepo hata kama ningekuwa na pesa ya kompyuta ya tatu mkononi. Elfu sabini ya udogo ilirudi ndani ya miezi miwili.

Ndiyo maana nasema anza kupima fremu yako kwa futi kabla ya kupima kompyuta kwa GHz. Kama umepata fremu kubwa, au kompyuta ni ya nyumbani na ina chumba chake, nunua ile ya kulala. Ni rahisi kwa elfu sabini, inaingia diski kubwa, ina nafasi ya kadi, na adapta yake iko ndani ya tumbo lake. Hilo la adapta lina kisa chake.

Mini yangu ya kwanza niliinunua 2021, ilikuwa ya i5-7500T. Muuzaji akanipa na adapta, nikaijaribu dukani ikawaka, Windows ikafunguka, nikalipa. Kufika Gongo la Mboto mashine inakwenda kama kobe mwenye homa. Kufungua Word dakika nzima. Nikajua virusi, nikapiga Windows upya. Kobe. Nikapiga tena kwa flashi nyingine. Kobe yuleyule. Fundi mmoja akaniambia bodi imekufa, nimpe elfu 80 abadilishe. Nashukuru sikuwa na elfu 80.

Jioni moja nikafungua Task Manager (dirisha la Windows linaloonyesha mashine inavyofanya kazi), nikaona prosesa imesimama 0.79 GHz na haipandi hata nikiisukuma vipi. Mashine ya GHz 2.7 inatembea kwa 0.79! Nikaanza kusoma mtandaoni. Kumbe kwenye kompyuta za Dell ule waya mwembamba katikati ya pini ya adapta unapeleka taarifa kwa mashine: mimi ni adapta halisi, nina wati kadhaa. Mashine isipoipata taarifa hiyo inajilinda, inaishusha prosesa mpaka chini kabisa. Wakati wa kuwaka inatoa hadi ujumbe kwamba haitambui aina ya adapta, ila dukani winga alikuwa anabonyeza kitufe upesi na mimi naangalia wallpaper. Nikaazima adapta ya laptopi ya jirani, chapa hiyohiyo na pini ileile ndogo. Mashine ikaruka! Nilinunua adapta halisi ya mtumba kwa 35,000 na sijawahi kuona kobe tena.

Nimerefusha kisa hiki kwa sababu mini nyingi zinazouzwa kama zimekufa au "nzito" zina ugonjwa huu tu. Dell, HP na Lenovo kila mmoja ana adapta yake. Lenovo za miaka hii zina ile ya mstatili, Dell na HP zina ya duara nyembamba. Hakikisha adapta ni ya chapa ileile na imeandikwa wati 65 au zaidi.

Jambo jingine linalokula pesa kimyakimya ni monita. Tawa za zamani zina VGA, lile tundu la bluu, na monita nyingi za mtumba zina VGA. Mini nyingi hazina. Zina DisplayPort mbili, au moja na HDMI. Kwa hiyo ukinunua monita ya inchi 19 ya elfu 90 unahitaji na kigeuzi cha elfu 15, na vile vya elfu 5 vinakufa ndani ya mwezi. Au uongeze kidogo upate monita yenye tundu la HDMI au DisplayPort yenyewe. Liweke kwenye bajeti kabisa lisije likakushtua.

Kuhusu kukatika kwa umeme, hapa mini inashinda tawa bila ubishi. UPS yangu (kile kifaa chenye betri ya kushikilia umeme ukikatika) ni ya kawaida, VA 650. Na tawa na monita yake ilikuwa inanipa dakika nane, tisa, betri ikiwa mpya. Na mini na monita ileile inakwenda nusu saa. Nusu saa ni kumaliza fomu ya mtu ya maombi, kubonyeza "wasilisha", na kumpa namba yake. Dakika nane ni kumwambia mtu aliyepanda daladala mbili kwamba arudi kesho. Hilo nimeshindwa kuliwekea bei, lakini wateja wanajua ni steshenari gani umeme ukikata kazi haipotei.

Haya, niliibiwaje. Ni 2023, saa saba mchana, duka limejaa. Moja ya mini ilikuwa haijafungwa nyuma ya monita, nilikuwa nimeilaza tu mezani kwa sababu kibati chake kilikuwa hakijatoka kwa fundi. Mteja alikaa, akaandika barua yake, akachapisha kurasa mbili, akalipa shilingi elfu moja kamili, akaaga vizuri sana. Baada ya dakika kama kumi dada aliyekaa kiti kile akaniita: "Kaka, hii haiwaki." Naenda naangalia, monita ipo, kibodi ipo, mausi ipo, na adapta inaning'inia kwenye ukingo wa meza na taa yake ya kijani inawaka. Kompyuta imekwenda. Imeingia kwenye mkoba kama daftari. Tawa nani angeweza kutoka nayo mlangoni watu wanaangalia?

Kwa hasira nikamwita seremala, nikamwambia nijengee visanduku vya mbao vya kufungia hizi kompyuta chini ya meza, na kufuli. Akajenga kazi safi sana, mninga, imefungwa pande zote kama jeneza. Wiki ya kwanza nikalala usingizi. Wiki ya pili feni zikaanza kupiga kelele kama bajaji inapanda mlima, wiki ya tatu mashine moja ikawa inajizima saa nane mchana kila siku. Dar ya Februari, ndani ya sanduku la mbao, hewa haiingii wala haitoki. Hiyo ndiyo niliyosema nusura niipike. Seremala akarudi, akatoboa pande mbili na kuweka wavu, tatizo likaisha. Siku hizi zote ziko nyuma ya monita na skrubu zake, na kila moja ina waya wa chuma unaopita kwenye kile kitundu kidogo cha kufuli kilichoko nyuma ya mashine. Waya na kufuli ni kama elfu 15. Weka kwenye bajeti.

Vumbi nalo. Mini ina feni moja ndogo na mapezi membamba, ikijaa vumbi haina pa kuhemea. Mimi kila baada ya miezi mitatu nazifungua (Dell na Lenovo ni skrubu moja tu nyuma), napuliza na blowa huku nimeizuia feni kwa kijiti isizunguke. Mara moja kwa mwaka nabadilisha ile pesti ya juu ya prosesa. Tawa unaweza kuisahau miaka miwili ikakuvumilia. Mini haikuvumilii.

Ile tawa niliyobaki nayo ni kwa ajili ya mdogo wangu, anatengeneza video za harusi na send-off usiku baada ya kufunga duka. Alijaribu kwenye mini, video ya saa moja ilikuwa inatoka asubuhi, na mashine inachemka kama pasi. Tukaweka kadi ya grafiki ya mtumba kwenye tawa, maisha yakaendelea. Mini za kawaida hazina pa kuweka kadi hiyo. Kuna Lenovo M720q na wenzake wachache wenye nafasi ya kadi ndogo, lakini kibao chake cha kuunganishia kinauzwa peke yake, umeme ni wa adapta uleule, na kwa usumbufu huo bora tawa. Kwa hiyo kama ndani ya mpango wako kuna studio ya video, majibu yangu yote ya juu yafute.

Mdau mmoja hapo juu amesema achana na mitumba, chukua Mac mini. Mac mini ya M4 iliyotoka Novemba 2024 ni mashine ya maana, sitasema vinginevyo. Ni sentimita 12.7 kila upande, adapta iko ndani, ilipotoka bei ya Marekani ilianzia dola 599 kwa RAM 16 na nafasi ya GB 256, na huyo mdogo wangu angeipata angelia kwa furaha. Lakini RAM uliyonunua nayo ndiyo utakayozikwa nayo, na ikifika Dar bei yake si 599 tena. Kwa steshenari ni kuchinja kuku kwa panga la mkonge. Halafu mteja anakuja na faili la Publisher la kadi ya harusi kwenye flashi, programu ambayo kwenye Mac haipo. Utamwambia nini?

Na wale wa vile visanduku vipya kutoka China vyenye Intel N100. Prosesa hiyo ilitoka 2023, koa nne, wati 6, ni kitu kizuri kwa kaunta ya duka la dawa au kuendeshea TV. Mpya, ina warantii ya muuzaji, haina kelele. Kwa kuandika barua inatosha. Lakini inatumia RAM ya chaneli moja tu, SSD ndani mara nyingi haina jina linaloeleweka, na i5 ya kizazi cha 8 yenye koa sita bado inaiacha ukifungua vitu vingi kwa pamoja. Wangeziuza laki mbili ningekushauri uzichukue, lakini wanataka bei ileile ya mtumba wa ofisini.

Mshindani wa kweli wa mini, kwa mawazo yangu, ni laptopi ya mtumba, na nashangaa kurasa mbili hizi hakuna aliyeitaja. Inakuja na monita, kibodi na UPS yake ndani, umeme ukikata haijui. Kwa laki tano na nusu, sita, unapata ya kizazi cha 8 nzuri tu, na unarudi nayo nyumbani jioni badala ya kuwaza kufuli. Kama wewe peke yako ndiye utakayeitumia, ningekwambia chukua laptopi, tena bila kusita. Kinachoikataa ni wateja kuigusa. Mimi nilikuwa na moja mezani mwaka mzima. Betri ya mtumba ilianza kunipa dakika 40, ikaishia dakika tano. Herufi A na kitufe cha nafasi vikafutika, kisha vikafa. Mtoto wa shule akamwagia soda, ikafika mwisho. Kibodi ya nje ni elfu 15, ikimwagiwa soda unanunua nyingine.

Sasa bei yako. Usipeleke laki tisa yote. Mini 450,000, monita ya inchi 19 elfu 90, kigeuzi 15,000, kibodi na mausi 25,000, UPS 150,000, waya na kufuli 15,000. Ni 745,000. Inayobaki ni ya toni (wino wa printa) na rimu za kuanzia, maana mwezi wa kwanza utachapisha makosa mengi kuliko kazi.

Usichukue chini ya kizazi cha 8, na hasa usichukue sasa. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Ndiyo maana mashine za kizazi cha 6 na 7 zimekuwa rahisi hivi karibuni na mawinga wanazisifia sana. Kuna njia za kuilazimisha Windows 11 ikae, zinafanya kazi mpaka siku zisipofanya. Ile yangu ya i5-7500T nimeiwekea Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows), inachapisha na kufungua PDF bila shida, lakini mimi nimezoea. Kizazi unakisoma kwenye tarakimu ya kwanza baada ya mstari: i5-8500T ni cha 8, i5-6500T ni cha 6. Zikiwa tano, kama i5-10500T, soma mbili za mwanzo. Ukiambiwa "hii ni i5 boss" bila namba, huyo amekuambia nusu ya jina.

Dukani izime, kisha iwashe mwenyewe. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijafunguka) kwa kubonyeza inapowaka: F2 kwa Dell, F1 kwa Lenovo, F10 kwa HP. Ikikuomba neno la siri, rudisha, hiyo bado ni ya ofisi fulani huko ilikotoka. Angalia kama RAM 8 ni kipande kimoja au vipande viwili vya 4. Kimoja ni bora kwako, kinakuachia tundu la kuongeza baadaye. Fungua Task Manager, uone mwendo wa prosesa ukipanda unapofungua vitu vitatu kwa mpigo. Kaa nayo dakika ishirini huku unaongea na winga mambo ya mpira, kisha iguse. Vuguvugu ni sawa. Ikikuunguza kidole, mwombe nyingine.

Na usiende mikono mitupu. Kama kuna mtu wako mwenye adapta halisi ya chapa unayotaka, azima uende nayo. Ile iliyobaki inaning'inia mezani kwangu 2023 sikuiuza. Ndiyo ninayotembea nayo Kariakoo kujaribia mashine.